Seli Katika Damu ya Mama Kulwa

Wiki niliyokabidhi funguo za maabara, Neema, binti aliyeajiriwa muda mfupi kabla sijastaafu, alikuja mezani kwangu na simu yake akasema, "Mama, hebu tazama hii." Ilikuwa filamu fupi kutoka maabara ya nchi za mbali. Wamechukua kipande cha plastiki angavu, kidogo kama stempu ya barua, wakachonga ndani yake mifereji myembamba kuliko unywele. Maji yanapita humo, na ndani ya maji imo seli moja ya saratani. Ilifika penye mlango uliokuwa mwembamba kuliko yenyewe, ikasimama. Ikatanguliza kijisehemu cha mwili wake, kama mtu anayepapasa ukuta, kisha kiini chake kikajibana, kikarefuka, na yote ikatokea upande wa pili ikaendelea na safari.

Nilimwomba airudie. Kazi yangu yote nimetazama seli za saratani, na zote zilikuwa zimekufa na kupakwa rangi. Ile ilikuwa ya kwanza kuiona ikitembea.

"Ninyi zamani mlijuaje kama zimeingia kwenye damu?" Neema akaniuliza.

"Tulichuja."

Alicheka, akadhani nafanya utani wa chai. Kwa hiyo namwandikia yeye na wenzake habari za miaka yangu ya mwanzo Shinyanga, miaka ya tisini. Habari za vyeo nimeziacha. Nilipanda kama wanavyopanda watu wote wanaochelewa kufa.

Nilifika kwa treni nikiwa na miaka ishirini na mitano, nina sanduku la bati na cheti cha ufundi wa kukata na kupaka rangi nyama za wagonjwa ili zisomwe kwa darubini. Mimi ni Mpare wa Same. Shinyanga sikuwa na ndugu, sikujua Kisukuma, na vumbi la pale lilinishangaza hata mimi niliyetoka kwenye ukame. Maabara yetu ilikuwa chumba cha mwisho hospitalini, mkabala na chumba cha maiti. Watu walipita njia ile kwa sababu moja tu, na walipotuona mlangoni waligeuza nyuso.

Aliyenipokea ni Mzee Malunde, fundi aliyekuwa akifanya kazi ile peke yake tangu zamani. Nilimkuta ameketi juani, ananoa kisu kikubwa kwenye jiwe la mafuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeletwa kukata nyama?"

"Ndiye mimi."

"Una mkono mwepesi au mzito?"

Nikasema sijui. Akanikabidhi kisu. "Basi noa. Tutajua."

Siku zangu za kwanza sikufanya kingine ila kunoa. Ninyi mnatumia nyembe za kutupa, mnaweka mpya, mnaendelea. Sisi kisu kilikuwa kimoja, kizito kama panga, kinanolewa kwenye jiwe halafu kwenye mkanda wa ngozi. Mzee alikuwa anang'oa unywele kichwani mwake, anaudondosha juu ya makali, na usipokatika ananirudishia kisu bila neno. Kichwa chake kilikuwa na upara, nami nilijiona nachangia kuuongeza. "Kisu kikiwa na pengo," alinieleza, "pengo hilo litaonekana kwenye slaidi kama mstari, na daktari atadhani ni ugonjwa. Utakuwa umempa mtu ugonjwa wa kisu."

Kutoka kwake nilijifunza mambo ambayo chuo hakikuyajua. Miezi ya joto nta inayoshika nyama hulainika na kukatika ovyo, kwa hiyo tulikuwa tunafunika kipande kwa kitambaa kilicholowa maji ya mtungi, tunakata alfajiri kabla jua halijapanda. Jokofu lilikuwepo, la mafuta ya taa, lakini muuguzi wa chanjo alikataa nyama zetu kukaa karibu na dawa za watoto, na hakukosea. Umeme ukikatika tuligeuza kioo cha darubini kuelekea dirishani tukasoma kwa mwanga wa jua. Mpaka leo naamini rangi ya waridi haionekani vizuri kama kwa mwanga wa saa nne asubuhi Shinyanga.

Kisha macho ya Mzee Malunde yakaanza kuweka ukungu. Alificha kwa muda, akawa ananiita nithibitishe kile alichokiona, halafu siku moja akainua uso kutoka kwenye darubini akasema, "Binti, macho haya sasa yanatosha kuona ng'ombe tu." Akarudi kwao Kishapu kuona ng'ombe. Alipoondoka alinipa mkono, akanishika kwa muda mrefu, akaniambia kwa Kisukuma neno la kushukuru, "Wabeja," ingawa mimi ndiye niliyepaswa kulisema.

Nikabaki peke yangu katika chumba kile. Sijui niwaelezeje upweke wa kazi hii nyakati zile. Nyama ilikuja kwenye chupa, na jibu likaondoka na mhudumu. Nilijua ini la mtu, titi lake, mfuko wake wa mkojo ulioharibiwa na kichocho, na ningeweza kukaa naye benchi moja sokoni nisimjue. Nyumbani nilikuwa na chumba cha kupanga chenye kitanda, jiko la mchina na redio. Jioni za Jumapili nilikwenda stesheni treni ya Mwanza inaposimama, nikazunguka kati ya abiria nikisikiliza kama nitasikia mtu akizungumza Kipare. Nilimsikia mmoja, mara moja. Nilimsalimia kwa furaha mpaka akashika vizuri begi lake.

Kwenye hali hiyo ndipo alipokuja Daktari Kamugisha. Alikuwa mpasuaji, Mhaya mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapofikiri. Wiki ya kwanza alikuja mwenyewe mpaka chumbani kwangu, jambo ambalo madaktari hawakulifanya, akaketi kwenye kiti cha Mzee Malunde.

"Dada Nakiete," akasema, "mimi nakata titi lenye saratani, nakata na matezi ya kwapani, nashona, mgonjwa anapona kidonda, anakwenda nyumbani. Baada ya muda anarudi, ugonjwa uko mgongoni au kwenye ini. Ulipita lini? Nilikuwa nimechelewa, au wakati nakata ulikuwa bado haujapita? Nataka kujua hilo."

Akafungua kopo alilokuja nalo. Ndani mlikuwa na duara ndogo za plastiki nyembamba sana, kama ngozi ya kitunguu. Nilizitambua. Watafiti wa kichocho walipita vijijini kwetu na vitu kama hivyo, wakasukuma mkojo kwa sirinji, mayai ya kichocho yakabaki juu ya kichujio. Hizi zilikuwa na matundu madogo zaidi, rafiki yake wa masomoni alimtumia kutoka Ulaya.

Wazo lilikuwa rahisi. Chembe nyekundu za damu ni laini, zinajikunja na kupita kwenye tundu dogo. Chembe nyeupe nazo nyingi zinapita. Seli ya saratani ni kubwa, kiini chake ni kinene, kwa hiyo itakwama. Unachukua damu ya mgonjwa, unaizuia isigande, unaipunguza makali kwa maji ya chumvi, unaisukuma polepole. Ukisukuma kwa haraka unapasua seli na kichujio. Ukisukuma polepole mno damu inakuziba. Mkono mwepesi ulihitajika, na wakati huo nilikuwa nao. Halafu unapaka rangi kichujio chenyewe, unakilaza kwenye kioo, unakitazama chote, tundu kwa tundu, kuanzia ukingo mpaka ukingo.

Nilifanya hivyo kwa wagonjwa wengi na sikuona kitu. Kutazama kichujio kitupu kunachosha kuliko kutazama ugonjwa. Unatembea juu ya uwanja wa matundu usio na mwisho, na kila mara unadhani seli iko mbele kidogo. Msimu wa pamba, malori yalipokuwa yanapita kwenda kiwandani, niliona kitu kirefu, cheusi kwa rangi niliyopaka, kimekwama vizuri kabisa. Nilikimbia mpaka mlango wa wodi kumwita daktari. Akaja, akatazama, akavua miwani, akaivaa, akatazama tena.

"Hongera dada," akasema. "Umegundua pamba."

Tangu siku hiyo nilifunga dirisha msimu wa pamba hata kama chumba kilikuwa tanuri.

Mama Kulwa aliletwa na lori kutoka Katoro. Jina lake mwenyewe lilikuwa Kabula, lakini alikuwa na mapacha wa kike, Kulwa na Doto, na hakuna aliyemwita vinginevyo. Aliendesha mgahawa kule kwenye machimbo, anawapikia wachimbaji wali na maharage. Mume wake alifuata rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, upande wa Kahama na hakurudi. Titi la kushoto lilikuwa limeshavimba na kuanza kufungua kidonda. Daktari Kamugisha alimpasua, akanitumia titi na matezi kwenye chupa, na damu yake iliyochukuliwa kabla ya kumpasua.

Titi lilikuwa na saratani, hilo halikuhitaji darubini. Matezi nayo yalikuwa nayo, yamejaa. Kilichobaki kilikuwa kichujio. Nilikilaza juu ya kioo asubuhi, nikageuza kioo cha darubini kuelekea jua, nikaanza kutembea. Karibu na katikati niliziona: seli tatu zimeshikana, kubwa, viini vyeusi vimebanwa kwenye tundu ambalo vilikataa kulipita. Niliacha darubini nikafunga dirisha, ingawa haukuwa msimu wa pamba. Nikarudi. Zilikuwa pale pale. Niliweka pembeni slaidi ya titi lake nikalinganisha. Zilifanana kama ndugu.

Sikukimbia safari hii. Daktari alikuwa amekwenda Mwanza kwa kazi. Nilikaa na seli zile peke yangu, na naona haya kusema kwamba kwanza nilifurahi.

Siku ya tatu nilisikia hodi mlangoni. Hakuna aliyepiga hodi pale. Alikuwa mwanamke mwembamba wa rika langu, amefunga khanga kifuani juu ya bandeji, ameshika ukuta.

"Mwangaluka," akanisalimu. Kisukuma cha salamu nilikuwa nimekipata tayari, nikamwitikia. "Wewe ndiye dada wa kuangalia nyama?"

"Ndiye mimi. Nani amekuruhusu kutembea?"

"Hakuna. Mimi ni Mama Kulwa. Nasikia titi langu liko huku."

Nilimpa kiti. Alitazama rafu za chupa kwa muda, hakuuliza ipi ni yake. Akaelekeza kidevu kwenye darubini.

"Nataka kuwaona."

"Kuwaona nani?"

"Hao wanaonila."

Chuo hakikunifundisha cha kufanya mtu anaposema hivyo. Wakati ule mgonjwa hakuambiwa hata jina la ugonjwa wake. Aliambiwa uvimbe, akaambiwa ale vizuri. Lakini alikuwa ameketi kwenye kiti changu, na alichokuwa anakiomba kilikuwa chake. Nikaweka slaidi ya titi, nikamwonyesha namna ya kufumba jicho moja. Ilimchukua muda kuacha kutazama kope zake mwenyewe. Halafu akatulia.

"Ndio hao?"

"Ndio hao. Wale wenye viini vikubwa, vilivyosongamana."

"Mbona wamependeza?" Alisema kwa mshangao wa kweli. "Kama kitenge."

"Rangi nimewapaka mimi. Wenyewe hawana rangi."

"Umewavalisha." Akacheka kidogo, akashika ubavu kwa maumivu. "Na wanahama?"

"Wanaweza kuhama. Wanaingia kwenye matezi ya kwapa, na wengine kwenye damu."

"Nani anawaonyesha njia?"

"Hakuna. Damu inawasukuma. Wakifika mahali pembamba wanakwama, wanajaribu kuishi hapo hapo. Wengi wanakufa."

Aliinua uso akanitazama. "Hao nawajua mimi. Nawapikia. Wakisikia kuna kipande kimeonekana mahali, asubuhi machimbo yote yamehama. Wengi hawapati kitu, dada, wanarudi hata nauli hawana. Lakini akipata mmoja tu, shamba la mtu limekwisha. Wanalichimba lote." Akarudisha jicho kwenye darubini. "Wangu wamehama?"

Nilijua daktari angesema nini. Angesema hatumwambii mgonjwa jambo ambalo hata sisi hatujalijua maana yake, na alikuwa na hoja. Vichujio vile havikuwa vipimo vya hospitali, vilikuwa swali la daktari mmoja na fundi mmoja. Lakini Mama Kulwa alikuwa na safari mbele yake. Ilikuwa imepangwa aende Dar es Salaam kupigwa mionzi, safari ya treni na miezi ya kukaa, na mapacha wake wenye miaka tisa walikuwa wameachwa kwa mdogo wake, Nkwimba. Nikitoa jibu la ovyo ningemnyima tiba. Nikinyamaza ningemtoa kwa watoto wake bila yeye kujua anachokibadilisha na nini.

"Kwenye kwapa wamefika," nikasema. "Na kwenye damu yako nimeona watatu. Sijui maana yake. Nakuambia kweli, hakuna mtu hapa anayejua. Pengine watakufa humo humo. Mionzi inaunguza kifuani na kwapani. Hao wa kwenye damu haiwafikii."

Aliniomba nimwonyeshe na hao. Nikaweka kichujio. Alitazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Watatu," akasema. "Wameshikana mikono."

Alipotoka alinishukuru kama watu wanavyomshukuru aliyewapa maji.

Daktari Kamugisha aliporudi nilimweleza mwenyewe kabla hajasikia kwingine. Alikasirika kwa namna yake, kimya, miwani mkononi. "Umempa uzito ambao hata mimi sijui kuubeba," akaniambia. Halafu akaenda wodini, akaketi kando ya kitanda cha Mama Kulwa jioni nzima. Sijui waliongea nini. Ninachojua ni kwamba alipotoka alikuja kwangu akasema, "Hataki kwenda Dar. Anasema muda wake, kama ni mfupi, una watoto wawili wa kuugawia. Nimemwambia mionzi ingeweza kumsaidia. Amenielewa vizuri kuliko nilivyotaka." Kisha akaomba kuona seli. Alizitazama mpaka jua likahama dirishani.

Mama Kulwa akarudi Katoro. Mara kwa mara dereva wa lori lile lililomleta aliniletea salamu zake: anaendelea, anapika, anauliza kama bado nawavalisha. Ndizo salamu pekee zilizokuwa zikifika katika chumba kile zikiwa na jina langu. Nilianza kuzisubiri.

Mwaka uliofuata nikapata likizo. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki, na nyumbani Same ndugu walikuwa wamegawana vyumba. Sikuwa na wa kumkimbilia. Daktari alitaka kujua hali za wagonjwa tuliowachuja damu, nami nikasema nitakwenda upande wa Geita kuwatafuta. Nilipitia Kahama, nikalala Ushirombo, nikapata lori la mbao mpaka Buseresere. Mgonjwa wetu mmoja wa pale alikuwa amehama na rashi, hakuna aliyejua wapi. Mwingine nilionyeshwa kaburi lake. Nikateremka Katoro.

Mgahawa niliupata bila shida. Katoro palikuwa na kelele wakati ule kama palivyo leo: redio, mabroka wa dhahabu na mizani zao, vijana wenye tope mpaka kwenye nyusi wakila haraka. Nkwimba ndiye aliyekuwa jikoni. Nilipojitaja aliacha mwiko kwenye sufuria.

"Dada wa Shinyanga! Wa darubini! Pita, pita ndani, amelala."

Alikuwa kwenye kitanda cha kamba nyuma ya ukuta wa mabanzi, amelala ubavu, magoti amekunja. Kifuani kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, kazi safi ya daktari. Lakini hakuweza kuketi. Maumivu yalikuwa kiunoni, akasema, yalianza kama ya kubeba ndoo, sasa hata kugeuka anageuzwa. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi.

Nilijua. Hata Neema angejua. Miaka yote nilikuwa nimeona kwenye kioo alama za saratani iliyohama, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mahali ilipofika.

"Umechelewa," akasema, anatabasamu. "Wali wangu huwezi kuupata tena. Nkwimba anaunguza."

Nilikaa likizo yangu yote. Daktari alikuwa amenipa vidonge vya kodeini vya kutuliza maumivu kwa ajili ya wagonjwa nitakaowakuta, na karibu vyote viliishia kwake. Nilijifunza kumgeuza bila kumuumiza, mimi na Nkwimba, mmoja begani, mmoja kwenye nyonga. Kulwa na Doto walikuwa wakitoka shuleni wanampandia kitandani taratibu, mmoja mbele, mmoja mgongoni, wakimsimulia ugomvi wa darasani. Aliwaamulia kesi zao akiwa amefumba macho.

Siku moja mchana, watoto wakiwa shuleni, nilikuwa namkanda mgongo kwa mafuta.

"Mkono wako wa baridi," akasema.

"Ni wa dawa za maabara. Huu mkono umeshazoea vilivyokufa."

"Hujawahi kumkanda mgonjwa?"

Nikafikiri. "Sijawahi kumgusa mgonjwa."

"Nionyeshe basi. Walipita wapi?"

Nikaweka kidole juu ya kovu la titi. Nikakipeleka polepole mpaka kwapani, nikamwambia hapa walikutana na matezi, wengine wakabaki. Nikakirudisha, nikakishusha kando ya mbavu, nikamweleza kwamba kuna mishipa midogo, damu ikawachukua, wakapita kwenye moyo na wala moyo haukujua, wakapita kwenye mapafu, wakazunguka. Nikazungusha kidole mpaka nyuma, nikakishusha kwenye uti wa mgongo pingili kwa pingili, nikakisimamisha pale alipoogopa kuguswa.

"Hapa walikwama."

"Kumbe ni mbali hivyo," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nilidhani wamerukia tu." Halafu, bila kugeuka, akauliza, "Dada Nakiete, ulipopanda lori kuja huku, ulikuwa unanitafuta mimi au unawatafuta wao?"

Sikutaka kumdanganya mtu niliyekwisha kumwambia kweli. "Nilitumwa kwa ajili yao," nikasema. "Lakini nilipitia kwa wengine wote haraka ili nifike kwako."

"Basi sasa wameshapatikana. Kaa upande wangu."

Nikakaa upande wake. Alikuwa anapenda nimshike wayo wa mguu, ingawa hakuusikia vizuri; alisema anaona kwa macho kwamba umeshikwa. Alifariki likizo yangu ikikaribia kwisha, asubuhi, Nkwimba akiwa ametoka kuwasha moto wa chai, watoto wakiwa wanajiandaa. Nilikuwa naye mimi. Wanawake wa mtaa walipokuja kumwosha walinitazama, nikajua wanasubiri mgeni atoke. Nkwimba akawaambia, "Huyu anabaki." Nikamwosha pamoja nao. Nilipofika kwenye kovu mikono yangu ilijua njia.

Niliporudi Shinyanga nilimweleza Daktari Kamugisha. Alivua miwani akaishika. "Kwa hiyo tuliona kweli," akasema.

"Tuliona kweli kwa mmoja."

Hakuna aliyefurahi kati yetu. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, hilo mnalijua, na wengine wote walikuwa wametawanyika kwenye machimbo wasikopatikana. Vichujio viliisha, na rafiki wa Ulaya hakutuma vingine. Baadaye daktari akahamishiwa mkoa mwingine. Kiti kikabaki kitupu tena, nami nikarudi kwenye nta na kisu.

Lakini jambo moja lilibadilika, na ndilo ninalotaka lifike kwenu. Jumatatu ya kwanza baada ya Katoro, mhudumu aliniletea chupa yenye kipande cha nyama. Mikono yangu ilianza kuifungua kama kawaida, ikakataa. Niliichukua ile chupa, nikafunga mlango, nikatembea nayo kupita chumba cha maiti, kupita dirisha la dawa, mpaka wodi ya wanaume. Nilikuwa nimeishi hospitali ile miaka na sikujua vitanda vimepangwaje. Nikamuuliza muuguzi nani mwenye hii. Akanionyesha mzee aliyekaa peke yake kitandani karibu na dirisha, hana mgeni, sahani ya ugali iko mbele yake haijaguswa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi. "Hiyo ni yangu?"

"Ni yako baba. Mimi ndiye nitakayeiangalia. Nimekuja tu nikuone kwanza."

Akasogeza miguu yake pembeni, akapiga shuka kwa kiganja, akanifanyia nafasi.

"Basi kaa," akasema. "Ugali huu ni mwingi."

Nikaiweka chupa chini ya kitanda, nikanawa mikono, nikakaa.